Nasaba na Dhamana: Juu ya Mbwa Aitwaye Basenji

Neno "mshenzi" tunalijua vizuri sisi watu wa pwani, na pengine tunalijua kuliko inavyotupasa. Kwa muda mrefu tulilitumia kumtaja mtu wa bara asiyevaa kanzu, asiyejua herufi wala adabu za barazani, na ndani ya neno hilo kulikuwa na dharau ambayo mpaka leo haijaisha makali. Lakini neno halikubakia mwambao peke yake. Lina jamaa zake ndani kabisa ya Kongo, ambako kwa Kilingala basenji ni watu wa porini, wanavijiji, wasiostaarabika machoni mwa wale wanaojiona wamestaarabika. Na ajabu ya maneno ni kwamba tusi hilo leo limekuwa jina la fahari. Limeandikwa katika vyeti vya nasaba huko Uingereza na Marekani, na watu hutoa fedha nyingi ili wawe na mbwa aitwaye Basenji.

Ni mbwa mdogo, mwepesi, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni mfano wa pete. Paji lake la uso lina makunyanzi, kama mzee aliyeulizwa suala gumu. Habweki. Sauti aitoayo iko baina ya kuimba na kucheka. Majike wake huingia joto mara moja tu kwa mwaka, na si mara mbili kama ilivyo kwa mbwa wengi. Wawindaji wa misitu ya Kongo walimtumia kuwafukuza wanyama mpaka waingie nyavuni, na kwa kuwa mbwa asiyebweka ni rahisi kupotea kichakani, wakamvisha shingoni kengele ya mti, ili msitu wenyewe umtangaze alipo.

Mbwa huyu ndiye nitakayemtumia kuuliza suala ambalo si la mbwa peke yao. Mtu anapochagua dume gani apande jike gani, amejitwika mzigo gani? Na ikiwa kipimo cha kujua maradhi yaliyojificha katika damu ya wawili hao kipo, naye akaacha kukitumia, je, huko ni kutojua tu, au ni tendo lenye hisabu yake?

Najua wapo watakaokunja uso. Mbwa, katika jarida la mashairi? Visiwa vyetu ni vya madhehebu ya Shafi, na sote tumelelewa tukiukwepa ute wa mbwa. Hata hivyo wasasi wa mashamba ya Unguja na Pemba wamefuga mbwa wa kuwindia nguruwe tangu wazee wetu hawajazaliwa, na hakuna aliyesoma chuoni asiyekumbuka mbwa aliyelala kizingitini pamoja na Watu wa Pangoni, au mja aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kuepuka najisi ni jambo moja, na kutojali mateso ya kiumbe ni jambo jengine kabisa. Sioni haja ya kusema zaidi juu ya hilo.

Turudi msituni. Huko hapakuwa na daftari. Hakuna aliyeandika kwamba mbwa huyu ni mwana wa yule, mjukuu wa yule. Madume na majike walikutana wenyewe, aghalabu bila ya rukhsa ya mtu, na walikuwa wengi, wametapakaa vijiji hata vijiji. Mwenye figo dhaifu au damu hafifu hakudumu, kwa sababu kazi ya kuwinda haimngoji mgonjwa. Sisemi haya ili niupambe msitu. Msitu ni mkali, na kipimo chake pekee ni kifo. Lakini kilikuwa kipimo. Wageni walipomchukua mbwa huyu wakamweka katika vibanda vya bustani zao, wakamlisha kwa wakati na wakamchagulia mchumba, walimwondolea mambo mawili kwa mkupuo mmoja: uchaguzi wake mwenyewe, na hukumu ya msitu. Aondoaye kipimo kimoja hana budi kuweka kingine mahali pake, na hapa ndipo ninapoiona asili ya wajibu wote ninaouzungumzia. Wajibu huu hautokani na huruma, ingawa huruma ni njema. Unatokana na kunyang'anya. Aliyenyang'anya uchaguzi wa mwengine amebeba pia ujinga wote ambao uchaguzi ule ungefanyika nao, na sasa ujinga ule ni wake.

Habari yenyewe ilikwenda hivi. Chama cha wafugaji wa mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kiliundwa mwaka 1873, na kile cha Marekani mwaka 1884. Kazi yao kubwa ilikuwa kutunza daftari za nasaba, na sharti ambalo hatimaye lilitawala ni kwamba mtoto haandikwi ila wazazi wake wote wawili wawe wameandikwa. Mlango ukafungwa nyuma ya waliokwisha ingia. Basenji wa mwanzo walifikishwa Uingereza mwaka 1895 wakafa kwa distempa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts, na watu wakasongamana kuwatazama mbwa wasiobweka. Wakaongezeka wachache baada ya hapo. Mwaka 1959 Bibi Veronica Tudor-Williams alisafiri mpaka kusini ya Sudan akarudi na jike mmoja, Fula, ambaye damu yake imeenea kwa wengi waliomfuata. Jumla ya wazee hao waanzilishi ni ndogo mno. Ukoo mzima wa Basenji wa Ulaya na Marekani ulisimama juu ya miguu michache, na kila kizazi kilichopita, binamu alioana na binamu, kwa sababu hapakuwa na mwengine wa kuoana naye.

Hapana budi hapa nieleze, kwa ufupi, jinsi maradhi ya urithi yanavyojificha. Kila kiumbe hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kwa mama na moja kwa baba. Yapo maradhi ambayo hayajitokezi mpaka nakala zote mbili ziwe na kasoro. Mwenye nakala moja nzima na moja mbovu ni mzima wa afya: atakula, atakimbia, atashinda tuzo, na hatougua ugonjwa huo maisha yake yote. Huyu huitwa mbebaji. Mbebaji akikutana na mbebaji mwenzake, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuwa mgonjwa. Mbebaji akikutana na aliye safi, hazaliwi mgonjwa hata mmoja. Takriban nusu ya watoto watakuwa wabebaji kama mzazi wao, basi. Katika nchi yenye watu wengi mbalimbali, mbebaji huenda asikutane na mwenzake hata karne ipite. Katika nyumba iliyofungwa mlango, hukutana naye kila siku.

Basenji walipatikana na ugonjwa wa kwanza wa namna hii katika miaka ya 1960 na 1970: upungufu wa damu unaosababishwa na ukosefu wa kimeng'enya kimoja ndani ya chembe nyekundu. Chembe hufa kabla ya wakati wake. Mbwa huchoka, ufizi wake hupauka, na aghalabu hapiti umri wa miaka minne. Wanasayansi wakapata kipimo cha damu kilichoweza kuwatambua hata wabebaji. Wafugaji, na hili ni la kuwasifu, hawakukaa kitako. Walipima. Walipima kwa wingi kuliko wafugaji wa aina nyingi za mbwa wa zama zile.

Kisha wakafanya lile ambalo naliona ndilo kiini cha habari hii. Wakawatupa wabebaji. Mbwa wazima wa afya, wenye miguu mizuri, macho mazuri, tabia njema, wakaondolewa katika uzazi kwa sababu ya nakala moja mbovu ambayo, kwa kumchagua mchumba aliye safi, isingemdhuru yeyote. Nyumba iliyokuwa na watu wachache ikapunguzwa tena. Ugonjwa wa damu ukawa nadra, na wafugaji wakashukuru. Lakini katikati ya miaka ya 1970 ukaanza kuonekana ugonjwa mwengine, na wengi wa waliotazama nyuma wanaona kwamba ule mfyeko wa wabebaji ulisaidia kuupa nafasi: damu iliyobaki ilikuwa chache zaidi, na ndani yake mlikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeijua kuitafuta.

Ugonjwa wa pili unaitwa Fanconi. Figo, ambazo kazi yake ni kuchuja na kisha kuyarudisha mwilini yale yenye manufaa, hushindwa kurudisha. Sukari hutoka katika mkojo ilhali sukari ya damu iko sawa. Hutoka pamoja nayo virutubisho na chumvi ambazo mwili unazihitaji. Mbwa hunywa maji bila ya kukoma, hukojoa bila ya kukoma, hukonda huku anakula. Ukali wa ugonjwa huu, kwa upande wa maadili, uko katika saa yake. Hauji utotoni. Huja mara nyingi baina ya miaka minne na saba, yaani baada ya mbwa kwisha kuzaa, na watoto wake wakaisha kuzaa. Mfugaji mwaminifu wa mwaka 1985 alimtazama dume wake mwenye miaka mitatu, akamwona mzima, akapima mkojo wake kwa kijikaratasi cha sukari kila mwezi kama alivyoshauriwa, akaona hakuna kitu, akampandisha. Miaka mitatu baadaye kijikaratasi kikabadilika rangi, na wajukuu wametapakaa majimbo kumi.

Je, huyu alikosa? Nasema hapana. Hakuna anayehukumiwa kwa kutojua kisichojulikana. Alichokuwa akidaiwa ni kitu kingine, kidogo kwa umbo na kigumu kwa moyo, nacho ni kunyanyua simu na kuwaambia wote walionunua watoto wa dume yule. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio katika habari hii huliwa na mtu mwengine, katika nyumba nyengine, ambayo mfichaji hatoisikia.

Mnamo Julai 2007 hali ilibadilika. Maabara ya Gary Johnson katika Chuo Kikuu cha Missouri ilitoa kipimo cha kwanza cha jeni kwa ajili ya Fanconi ya Basenji. Ute kidogo wa ndani ya shavu ulitosha, kutoka kwa mbwa wa umri wowote. Kipimo hakikuitazama kasoro yenyewe, ila alama za jirani yake, na kwa hiyo majibu yalikuja kwa lugha ya tahadhari: huenda ni safi, huenda ni mbebaji, huenda ataugua, au haikubainika. Kipimo kinachoitazama kasoro yenyewe kilikuja mwaka 2011. Baina ya miaka hiyo miwili wafugaji waliishi na jibu la "huenda", na wapo waliosema kwamba jibu la huenda si jibu, kwa hiyo wangoje. Mimi naona hoja hiyo ni ya mtu aliyetaka kungoja tangu mwanzo. Nahodha anayeambiwa huenda upo mwamba mbele hasemi nitageuza usukani utakapoonekana.

Kuanzia siku kipimo kinapopatikana, kutopima si hali ile ile ya zamani. Mikono ni ile ile, mbwa ni wale wale, wala mfugaji hakuongeza wala kupunguza kitu katika mazoea yake. Lakini tendo lake limebadilika bila ya yeye kusogea. Jana hakujua. Leo amechagua kutojua. Wapo watakaosema huu ni ukali, kwamba mtu hawezi kuwa na hatia kwa kukaa alipokuwa. Lakini tunalikubali hilo katika mambo mengine yote. Mtu wa zamani aliyewapa wageni wake maji ya kisima yaliyowaharisha hakuwa na lawama. Anayefanya hivyo leo, ilhali ameambiwa kisima kimeingiliwa na choo, lawama hiyo anaijua mwenyewe kabla hajaambiwa.

Ipo hoja moja ngumu, na sipendi kuipita pembeni. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit aliieleza kwa binadamu katika kitabu chake cha mwaka 1984, nami naihamishia kwa mbwa. Chukua kijibwa aliyezaliwa na Fanconi. Unasema amedhulumiwa kwa kuwa wazazi wake hawakupimwa. Lakini lau wangepimwa, wasingeoanishwa, na yeye asingezaliwa kabisa, angezaliwa mwengine. Miaka yake mitano ya kukimbia na kulala juani, kabla figo hazijamsaliti, aliipata kwa sababu ya uzembe ule ule unaoulaumu. Basi nani amedhulumiwa? Huyu anadaiwa ashukuru, na yule ambaye angezaliwa badala yake hayupo wa kulalamika.

Nimeigeuza hoja hii mara nyingi. Naona nguvu yake yote inatokana na kudhani kwamba wajibu ni deni, na kwamba kila deni lazima liwe na mdai mwenye jina. Lakini zipo dhamana zisizo na mdai. Aliyewekewa shamba la wakfu hadaiwi na fulani bin fulani. Wanufaika wake hawajazaliwa, na hata hawajulikani watakuwa nani. Akiuacha mnazi uliwe na chonga, hatuulizi ni mtoto gani hasa aliyekosa nazi. Tunasema amekhini. Mfugaji aliyeshika nasaba mkononi amesimama mahali pa msimamizi wa wakfu: ni mwaminifu au si mwaminifu kwa jinsi anavyochagua, wala uaminifu wake haumngoji mdai azaliwe.

Hapa nitie neno la tahadhari, kwa kuwa msomaji wa pwani anaweza kuruka moja kwa moja kutoka kwa mbwa mpaka kwa watu. Huku kwetu selimundu tunaijua majumbani mwetu, na jamaa zetu wa Ghuba wanaijua vile vile pamoja na thalasemia. Saudi Arabia ilifanya kipimo cha damu kabla ya ndoa kuwa cha lazima mwaka 2004. Lakini tazama sheria ile ilivyowekwa: wachumba hulazimishwa kujua, hawalazimishwi kuachana. Wakishajua, wakiamua kuoana, huoana. Tofauti yote iko hapo. Binadamu hupewa elimu kwa sababu uamuzi ni wake. Mbwa hapewi elimu wala uamuzi. Vyote viwili vimewekwa mkono wa mtu. Kwa hiyo anayelinganisha upimaji wa mbwa na ile fikra ya kuwachuja watu kama mbegu, fikra iliyoharibu karne ya 20, amelinganisha visivyolingana. Kwa watu, uovu ulianza pale mtu mmoja alipojipa haki ya kumchagulia mwenzake. Kwa mbwa wa nasaba, jambo hilo limekwisha tokea zamani, nasi tunauliza tu mwenye kuchagua afanye nini.

Wala kipimo si dawa ya kila kitu. Mbwa wa Dalmatia, yule mweupe mwenye madoa, alikuwa na kasoro ambayo kipimo kisingeweza kumsaidia, kwa kuwa mbwa wote wa aina hiyo walikuwa nayo katika nakala zote mbili. Mikojo yao ina tindikali ya yuriki kupita kiasi, na madume khasa hupata vijiwe vinavyoziba njia. Utapima nini palipokuwa hakuna aliye safi? Mwaka 1973 Robert Schaible, mtaalamu wa jeni wa Marekani, alimwoanisha Dalmatia mmoja na mbwa wa aina ya Pointer, mara moja tu, kisha akawarudisha watoto kwa Dalmatia kizazi baada ya kizazi, akichagua kila mara aliyerithi jeni nzima. Mwaka 1981 wawili wa uzao huo waliandikwa katika daftari la Marekani, lakini wanachama wa klabu ya Dalmatia wakapinga na mlango ukafungwa tena. Ulifunguliwa mwaka 2011. Miaka 30 ya vijiwe, kwa ajili ya babu mmoja miongoni mwa maelfu, ambaye hata doa lake hukulijua liko wapi. Sijui neno gani la Kiswahili lifaalo kwa hali hiyo kuliko lile lile tulilokuwa tukiwatupia wengine.

Na zipo aina ambazo ugonjwa wenyewe ndio uzuri unaotafutwa. Pua fupi ya Bulldog, iliyofinywa mpaka pumzi inapita kwa kukoroma, haikujificha katika nakala ya jeni. Iko wazi usoni, na watu wameilipia. Tangu mwaka 2019 Kennel Club pamoja na Chuo Kikuu cha Cambridge wana kipimo chepesi: daktari humsikiliza mbwa pumzi, humkimbiza dakika tatu, humsikiliza tena, kisha humpa daraja kuanzia 0 mpaka 3. Dakika tatu za kukimbia! Kile ambacho mbwa wa msitu wa Kongo alikifanya tangu alfajiri mpaka jua la utosi kimekuwa mtihani wa kuulizwa kwa tahadhari.

Nirudi kwa Basenji, kwa kuwa habari yao haikuishia kwenye Fanconi. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Jon Curby na Michael Work, walikwenda Zaire, kama ilivyoitwa nchi hiyo wakati ule, mpaka vijiji vya kaskazini mashariki ambako mbwa walikuwa wakiishi kama walivyoishi siku zote. Safari ya pili ilikuwa mwaka 1988. Walirudi na vijibwa waliopewa au kuuziwa na wanavijiji, baadhi yao wakiwa na michirizi meusi mwilini kama ya chui milia. Mwaka 1990 daftari la Marekani lilifunguliwa, mbwa 14 wakaandikwa. Likafunguliwa tena kwa wateule wengine baina ya 2009 na 2013. Daftari lililoanzishwa ili kutenga damu bora na damu ya porini likalazimika kuiomba damu ya porini ije kulinusuru. Wanavijiji wale, basenji wenyewe, hawakuwa wameandika kitu. Walikuwa wameuacha mlango wazi tu.

Kwa hiyo anayepima leo ana masomo mawili mkononi. Jibu likija kwamba jike wake ni mbebaji wa Fanconi, kuna kishawishi cha pande mbili. Mmoja ni kuificha karatasi na kumpandisha kwa yeyote. Mwengine, unaoonekana mwema zaidi na umewahi kufanya madhara makubwa, ni kumtoa kabisa katika uzazi ili mtu aweze kusema banda lake ni safi. Aliye makini hafanyi lolote katika hayo. Humtafutia dume aliye safi, huwapima watoto wote, huwaeleza wanunuzi kila mmoja amerithi nini, na katika kizazi kinachofuata humweka aliye safi iwapo pia ni mwema kwa mengine. Kasoro hupungua polepole na watu wa nyumba hawapungui. Ni kazi ya miaka, na haina tuzo ya kutundikwa ukutani.

Kuhusu kuuza, fiqhi yetu ya Kishafi haiisihishi biashara ya mbwa, na kwa hiyo huenda ni mzaha kidogo kuleta hukumu za soko. Hata hivyo kanuni iliyo nyuma yake ni ya kila soko, nayo ni kwamba muuzaji anayeijua kasoro ya kitu hana haki ya kuinyamazia. Taasisi ya Marekani iitwayo Orthopedic Foundation for Animals, iliyoanzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya nyonga za mbwa zisizokaa sawasawa, huweka matokeo ya vipimo mahali ambapo yeyote mwenye jina la mbwa anaweza kuyasoma. Nyonga hupigwa picha, na cheti cha kudumu hakitolewi mpaka mbwa atimize miezi 24. Lakini kuna sharti moja katika karatasi ya maombi. Nyonga zikiwa nzuri, matokeo hutangazwa. Zikiwa mbaya, hutangazwa pale tu mwenye mbwa alipotia sahihi ya kukubali. Mnunuzi anayefungua daftari hilo na kumtafuta mama wa kijibwa anachotaka kukinunua huenda akakuta majina ya dada zake, ya shangazi zake, ya bibi yake, kila mmoja na daraja lake, na mahali pa mama pakawa patupu.